Simba wa Kinyozi: Kwa Nini Picha Zetu Zinachekesha, na Nani Hasa Anayecheka?

Pale kwetu Nkunga, wilayani Rungwe, kulikuwa na banda la kinyozi lenye mlango wa mbao, na kwenye ule mlango mtu alikuwa amechora simba. Simba mwenyewe, sasa! Macho yote mawili yanatazama pua. Meno kama punje za mahindi. Na kwa kuwa ni mlango wa kinyozi, manyoya yake ya shingoni yamekatwa panki, safi kabisa, kama kijana anayejiandaa kwenda kwenye harusi.

Siku moja nilikuwa nampeleka bibi yangu sokoni, yeye kajitwisha ndizi, mimi nimebeba kikapu. Tulipofika pale akasimama, akamtazama yule simba, akaanza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi tumtue mkungu. Kisha akafuta machozi akasema, "Huyu hajawahi kumla mtu."

Na mimi nilicheka. Ila miaka mingi baadaye, nikiwa nasoma historia ya sanaa chuoni, ndipo nilipogundua kwamba siku ile mimi na bibi hatukuwa tunacheka kitu kimoja. Mimi nilicheka uchoraji mbovu. Yeye alimcheka simba.

Makala hii inahusu hiyo tofauti. Tutapita Korea kidogo, kisha turudi Dar es Salaam kwa mtu ambaye jina lake kila Mtanzania analijua lakini wengi hawayajui maisha yake: Edward Saidi Tingatinga. Swali letu ni jepesi kuuliza, ila kulijibu kunatoa jasho: picha ya kienyeji ikituchekesha, mchoraji alikusudia? Au sisi ndio tunamcheka mchoraji?

Chui milia na ndege mleta habari

Tuanzie mbali, maana wakati mwingine ya kwako unayaona vizuri ukishayatazama ya jirani.

Korea, katika karne za mwisho za utawala wa Joseon (utawala huo ulidumu kuanzia 1392 hadi 1910), watu wa kawaida walikuwa na picha zao. Hazikuwa picha za ikulu. Zilichorwa na mafundi ambao wengi wao hawakuweka majina yao, wengine wakizunguka mji hadi mji kutafuta kazi, na watu walizibandika nyumbani, hasa mwaka mpya, ili kufukuza mabaya na kuita baraka. Leo zinaitwa minhwa, yaani picha za watu. Jina hilo lenyewe lilienezwa katika karne ya 20 na Mjapani mmoja mpenzi wa sanaa za mikono, Yanagi Muneyoshi.

Picha iliyo maarufu kuliko zote ni ya mnyama ambaye sisi humwita chui milia. Ameketi chini ya msonobari. Juu ya tawi yuko ndege wa jamii ya kunguru, mweusi kwa mweupe, mwenye mkia mrefu. Wakorea humwita kkachi na wanaamini kwamba akilia karibu na nyumba, habari njema au mgeni yuko njiani. Ndege anapiga domo. Chui milia anamsikiliza, na macho yake, jamani, yana makengeza yale yale ya simba wa Nkunga. Mnyama mzima anafanana na mtu aliyeulizwa swali darasani na hajui jibu.

Kuna kitu kingine cha ajabu katika baadhi ya picha hizo: chui milia huyo ana milia sehemu moja ya mwili na madoa sehemu nyingine. Yaani ni nusu chui milia, nusu chui wa kawaida. Kosa? Wanahistoria wanatupeleka China kupata jibu. Katika Kichina, neno la chui linatamkwa sawasawa na neno la kutangaza, na jina la yule ndege lina neno la furaha ndani yake. Kwa hiyo ukichora chui na ndege huyo pamoja, umeandika salamu bila kutumia maandishi: "furaha inatangazwa." Ni mchezo wa maneno uliofichwa kwenye picha. Picha ilipozoeleka Korea, ule mchezo wa maneno haukubana kama ulivyobana kwa Wachina, na chui akaanza kumpisha chui milia, mnyama ambaye Wakorea walimjua na kumwogopa zaidi. Madoa mengine yakabaki, kama lebo ya duka la zamani iliyosahauliwa kwenye shati.

Shika hapo, maana tutarudi. Mzaha ulivuka mpaka, ukaacha nusu yake nyuma, ukaokota nusu nyingine njiani.

Je, hiyo nusu mpya ni ipi? Maelezo utakayoyakuta mara nyingi ni haya: chui milia ni bwana mkubwa, mtu wa tabaka la juu lililoitwa yangban, na ndege ni mwananchi wa kawaida anayemwambia ukweli. Mnyonge anamcheka mkubwa. Ni maelezo matamu, na inawezekana watu wengine walizitazama picha hivyo. Lakini mwanahistoria lazima aulize: nani alisema? Mafundi wale hawakutuachia maelezo ya nia zao, na tafsiri hiyo imeshika nguvu zaidi kwa watazamaji wa karne ya 20. Tukiipokea bila kuuliza, tunaweza kuwa tunawawekea marehemu maneno mdomoni.

Tunachokijua kwa hakika ni kwamba chui milia hakuwa mnyama wa hadithi tu. Aliua watu. Serikali ya Joseon iliwahi kuwa na askari maalumu ambao kazi yao ilikuwa kuwinda chui milia. Na bado, sisi tunapoanza hadithi kwa "Paukwa! Pakawa!", Mkorea huwarudisha wasikilizaji kwenye zama zile ambazo chui milia alikuwa akivuta tumbaku. Katika hekalu la Paldalsa mjini Suwon kuna mchoro ukutani unaoonyesha jambo hilo hilo: chui milia anavuta kiko kirefu, na sungura ndio wanaomshikia. Mnyama anayekula watu, anahudumiwa na sungura.

Msasani (ya Dar, si ya Tukuyu)

Sasa turudi nyumbani. Sisi wa Rungwe tukisikia Msasani akili inakwenda kwanza kwenye kata ya pale Tukuyu mjini. Hii ninayoisema ni ya Dar es Salaam, upande wa Oysterbay.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini kabisa, si mbali na Msumbiji. Kama vijana wengi wa kusini enzi za ukoloni, aliondoka kutafuta kazi, akapitia mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaingia Dar es Salaam. Huko alifanya kazi za nyumbani na za bustani kwa wazungu, na vibarua vya hapa na pale. Hakusoma chuo chochote cha sanaa. Kwenye mwaka 1968 hivi, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, akaanza kuchora. (Na ndiyo, hilo ni jina lake halisi. Hakupewa kwa sababu ya lile trekta la kusukuma udongo, ingawa najua ulishawahi kufikiri hivyo. Mimi pia.)

Vifaa vyake ndivyo vilivyofanya mambo. Hakuwa na turubai la mchoraji wala rangi za kutoka Ulaya. Alitumia hadibodi, zile mbao nyembamba zinazopigiliwa kwenye dari, zikiwa zimekatwa vipande vya mraba, vingi vikiwa na ukubwa wa kama sentimita 60 kwa 60. Rangi ilikuwa ile ya mafuta inayong'aa, watu wakiita rangi ya baiskeli. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, duka la Oysterbay ambako wageni waliokuwa wakiishi eneo lile walikuja kununua mahitaji yao. Biashara ilikubali. Ndugu na jamaa kutoka kusini wakaja kujifunza: January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Simon Mpata.

Na wanyama aliowachora? Chui, simba, tembo, ndege. Mwili umechorwa kwa ubavu, lakini mara nyingi uso umegeuka kututazama sisi, macho yote mawili, ya mviringo, wazi, kama mtu aliyewashiwa taa ghafla usiku.

Tupime: kusudi au bahati?

Hapa ndipo watu wengi hukimbilia kusema, "Ah, hakujua kuchora, ndiyo maana inachekesha." Kwa miaka mingi waandishi wa nje waliiweka sanaa hii kwenye fungu la "sanaa ya wasiosoma", kana kwamba mchoraji ni mtoto aliyepata rangi kwa bahati. Hebu tuangalie kwa utaratibu, kama tunavyofanya maabara: tutenganishe kinachosababishwa na vifaa na kinachosababishwa na mtu.

Kwanza, rangi. Rangi ya mafuta ya aina ile hukauka taratibu, na ukijaribu kuchanganya mbili zikiwa mbichi kwenye ubao unapata tope. Kwa hiyo unapaka rangi ya nyuma, unasubiri ikauke, unapaka mnyama, unasubiri tena, ndipo unaweka madoa. Vivuli laini vya kuonyesha mbavu na misuli ni kazi ngumu sana kwa njia hiyo. Ndiyo maana wanyama wa Tingatinga hawana vivuli na rangi zao zimejitenga kabisa. Hilo ni sharti la kopo la rangi.

Pili, ubao. Chui ni mnyama mrefu, na ubao ni mraba. Ukitaka ajae kwenye picha lazima umkunje: mgongo upinde, mkia upande juu, shingo igeuke. Mkao ule wa ajabu, kama mnyama anayejikuna mahali asipofika, kwa sehemu kubwa umeamriwa na fundi seremala aliyekata ubao.

Tatu, macho. Hapa hoja ya vifaa inagonga mwamba. Jicho ni doa la rangi. Halina gharama, na unaweza kuliweka popote. Hakuna kitu kwenye rangi wala kwenye ubao kinachokulazimisha umweke chui macho mawili ya mviringo yanayomkodolea mtazamaji wakati mwili wake unaelekea pembeni. Hiyo ni hiari. Mkono uliokuwa na subira ya kuweka mamia ya madoa, moja moja, kwa mpangilio, si mkono ulioshindwa kuweka jicho mahali pake.

Korea hali ni ile ile. Pale kulikuwa na wachoraji wa ikulu kama Kim Hong-do, aliyezaliwa mwaka 1745, ambaye chui milia wake chini ya msonobari ana manyoya yaliyochorwa unywele kwa unywele, na ukimtazama unataka kurudi nyuma hatua mbili. Fundi wa mitaani hakuwa na mafunzo hayo, sawa. Lakini naye alikuwa na uvumilivu wa kupanga milia kwa makini toka kichwani hadi mkiani. Halafu anafika kwenye macho, anaweka makengeza. Tena siyo fundi mmoja, ni mafundi wengi, kwa vizazi. Kosa la bahati mbaya halirudiwi kwa vizazi. Kinachorudiwa ni kile ambacho wanunuzi wamekipenda.

Na kipimo hicho cha kurudia kinafanya kazi Dar es Salaam pia. Wanafunzi wa Tingatinga walijifunza kwa kunakili kazi za mwalimu. Anayenakili huchagua: hiki nakiacha, hiki nakibakiza, hiki nakiongeza. Macho hayakuachwa. Ukitazama kazi za miaka iliyofuata utaona yamezidi kukua, mpaka kuna pundamilia wengine ni macho matupu na miguu minne.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni ndiyo, sehemu ya ucheshi ni ya makusudi. Lakini bado hatujajua kicheko chenyewe kina kazi gani.

Kinachochekwa ni kile kinachoua

Nirudi kwa bibi na yule simba wa kinyozi.

Bibi alikua akisikia habari za simba wa Njombe. Kwa wasioijua habari hiyo: kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1940, katika nyanda za kusini, majirani zetu kabisa, kulikuwa na kundi la simba waliozoea kula watu. George Rushby, mwindaji wa serikali ya kikoloni aliyewamaliza, alikadiria kwamba waliua watu wapatao 1,500. Watu waliogopa hata kulitaja jina la simba, na wengi waliamini kwamba wale hawakuwa simba wa kawaida, bali walikuwa wakitumwa.

Usidhani hayo yameishia enzi za ukoloni. Mwaka 2005 Craig Packer na watafiti wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha katika jarida la Nature kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 563 nchini Tanzania na kujeruhi 308 au zaidi. Maeneo yaliyoumia sana yalikuwa ya kusini mashariki, kama Lindi na Rufiji. Wengi walishambuliwa wakilinda mazao yao usiku, wengine wakiwa nyumbani. Tunduru, alikozaliwa Tingatinga, iko upande huo huo wa nchi.

Sasa soma tena ile sentensi ya bibi: "Huyu hajawahi kumla mtu." Ili uicheke kama alivyoicheka yeye, sharti kwanza uwe umemwogopa simba. Kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyeona kitu kikubwa kinachotisha kimekatwa panki na kuwekwa mlangoni.

Huku kwetu jambo hili si geni. Godfrey Wilson, aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mkewe Monica, aliandika mwaka 1939 kuhusu mazishi ya Wanyakyusa. Kilichomshangaza ni jinsi msiba ulivyobadilika taratibu: mwanzo kilio, kisha ngoma, na hatimaye vicheko, pale pale msibani, bila mtu kuona kwamba marehemu amevunjiwa heshima. Na nje ya Rungwe, karibu Tanzania nzima inaujua utani. Msibani mtani anaweza kuzuia jeneza, akalala kaburini, akadai pesa, na wafiwa wakajikuta wanacheka huku machozi bado hayajakauka. Utani ulimvutia hata Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi Amani kule Usambara: mwaka 1944 aliweka ndege pembeni akachapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika.

Utani una sheria moja ambayo kila mtu anaijua ingawa haijaandikwa: unamtania mtu ambaye mna historia naye. Watani wengi ni watu ambao babu zao walipigana au walipita katika nchi za wenzao kwa shida. Hofu ya zamani ndiyo imegeuka ruhusa ya kucheka. Mtu baki, asiye na historia na nyie, akilala kaburini mtamwita polisi.

Nadhani picha ya chui mwenye macho ya kushangaa inafanya kazi hiyo hiyo. Ni utani na chui. Mkorea na chui milia wake, Mmakua na simba wake, bibi yangu na simba wa Njombe: wote wana historia na mnyama huyo, kwa hiyo wana ruhusa.

Mzaha unapopanda ndege

Tatizo ni kwamba aliyekuwa akinunua pale Morogoro Stores, kwa kawaida, hakuwa mtani. Alikuwa mgeni ambaye hajawahi kulinda shamba la mpunga usiku akiwa na tochi tu. Yeye aliona mnyama mzuri, wa rangi kali, wa kuchekesha kidogo, anayefaa ukutani. Alipocheka, alicheka kama nilivyocheka mimi na kikapu changu: aliucheka mkono wa mchoraji.

Hapo mzaha umevuka mpaka na kuacha nusu yake nyuma, kama madoa ya chui wa Kichina. Je, uliokota nini njiani? Kwa upande wetu uliokota mambo mengi. Miaka iliyofuata wachoraji wa Tingatinga hawakubaki na wanyama peke yao. Walichora soko, mganga na wateja wake, wodi ya hospitali yenye kila aina ya mgonjwa, na mashetani. Mohamed Charinda alijulikana sana kwa picha za namna hiyo, za hadithi na mashetani. Karibu yao, katika Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa mwaka 1972, George Lilanga (1934–2005) alikuwa akichora mashetani wenye masikio makubwa, matumbo mbele na vicheko vya mtu aliyekunywa kidogo. Shetani ambaye usiku ungemkimbia, mchana kwa Lilanga anapiga soga.

Chukua picha ya daladala, maana kila duka la sanaa Dar inayo. Watu wamejaa mpaka mlangoni, konda ananing'inia, kuku ametoa kichwa dirishani. Mgeni anaitazama, anacheka: Afrika, bwana, watu wengi kwenye gari dogo! Mkazi wa Mbagala anaitazama picha hiyo hiyo, naye anacheka, lakini yeye anausikia ule mkono uliomchoma ubavuni asubuhi, anamkumbuka konda aliyemnyima chenji, anajua kesho atakuwemo tena. Ubao mmoja umebeba vicheko viwili, na hivyo viwili havijuani.

Soko linajua kuuza vyote viwili, na si vibaya. Wachoraji wana watoto wa kusomesha. Wanafunzi wa Tingatinga na waliowafuata walisajili chama chao cha ushirika mwaka 1990. Mwaka 2010 mtindo wao ukaingia kwenye katuni za watoto, Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa na BBC. Korea nayo imefanya hivyo: chui milia alikuwa nembo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na mwaka 2025 chui milia mwenye makengeza pamoja na ndege wake wakajitokeza kwenye filamu ya KPop Demon Hunters na kutazamwa dunia nzima. Watoto wanampenda. Lakini katika karne ya 20 chui milia alitoweka kabisa katika misitu ya Korea Kusini. Hakuna mtoto wa Seoul leo anayemwogopa msituni. Amebaki mzaha, bila kile kilichokuwa kikitaniwa.

Kwa nini tusiliache lipite

Unaweza kuniuliza, sasa wewe msomi, inatuhusu nini nani anacheka nini? Kicheko si kicheko tu?

Inatuhusu kwa sababu tusipoiona tofauti hiyo, tunawadhulumu watu mara mbili. Tunaponunua picha ya Tingatinga na kusema "imechorwa kitoto, ndiyo uzuri wake," tunamnyang'anya mchoraji akili aliyoitumia. Na tunapogeuka upande wa pili tukasema kila chui wa kuchekesha ni siasa iliyojificha, mnyonge anampiga kijembe mkubwa, tunamnyang'anya haki ya kutania tu, kama watu wote. Ushahidi tulio nao hautupeleki huko kote. Unatufikisha hapa: palikuwa na mikono yenye uwezo, iliyochagua macho ya kuchekesha, ikiyachorea wanyama ambao watu wake waliwaogopa kwa sababu nzuri kabisa.

Edward Tingatinga alichora kwa miaka kama minne tu. Mwaka 1972 polisi wa Dar es Salaam walilifyatulia risasi gari alilokuwamo, wakidhani ni la wahalifu wanaokimbia. Haikuwa kweli. Alikufa akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Mtu aliyetoka upande wa nchi wenye simba wala watu, akawachora wakali wote wa porini wakiwa wameduwaa, aliuawa mjini, kwa makosa. Wanafunzi wake walizika, kisha wakarudi kwenye hadibodi zao wakaendelea kuchora chui mwenye macho ya mviringo. Nikikumbuka vile Wilson alivyoandika kuhusu misiba ya kwetu, sishangai.

Mlango wa kinyozi wa Nkunga haupo tena. Banda limejengwa upya kwa tofali, na ukutani kuna bango lililochapishwa lenye picha za vijana wa Kimarekani na mitindo yao ya nywele. Nilimpitisha bibi pale Desemba iliyopita, nikamwuliza kama anamkumbuka yule simba. Akacheka papo hapo, hata kabla sijamaliza.

"Yule wa panki?" akasema. "Yule alikuwa wa kwetu."